Mrija Uliosinyaa: Jinsi ya Kuandaa Modeli ya Sungura Inayoaminika

Kila kliniki ya mfumo wa mkojo katika Afrika Mashariki inamjua mgonjwa huyu: mwanaume ambaye mkojo wake umekuwa uzi, anayesimama chooni muda mrefu akijikamua, na usiku anaamka tena na tena kwa kuwa kibofu hakiishi. Mmoja alivunjika nyonga katika ajali ya bodaboda. Mwingine aliwahi kuwekewa mpira wa mkojo kwa nguvu. Mwingine aliugua kisonono ujanani, kikapona na kuacha kovu. Mrija umesinyaa, na ukipanuliwa mara nyingi husinyaa tena. Ndiyo maana watafiti wanahangaika kutafuta dawa ya kuzuia kovu, puto lililopakwa dawa, au tishu iliyooteshwa maabara ya kuziba pengo. Kabla vitu hivyo havijamgusa binadamu, hujaribiwa kwenye mrija ulio hai, wenye damu, unaopitisha mkojo kila siku.

Namwandikia daktari wa upasuaji anayesomea shahada ya uzamili, daktari wa mifugo atakayeshirikiana naye, na mtaalamu wa maabara atakayezikata tishu. Nina msimamo mmoja: mbano usiopimwa kabla ya matibabu hauwezi kuthibitisha chochote. Ni rahisi mno kujeruhi mrija, kumpa mnyama dawa siku chache baadaye, kisha kuona mrija uko wazi na kushangilia. Huenda kovu halikuwa linakuja. Sungura ana uwezo mkubwa wa kupona, na kupona huko kukihesabiwa kuwa ni kazi ya dawa, gharama atailipa mgonjwa.

Hatua ya kwanza: taja ni mbano gani

Njia ya mkojo ina sehemu nyingi, na kila sehemu huziba kwa namna yake. Ureta, ile mirija miwili iletayo mkojo kibofuni kutoka kwenye figo, husinyaa kwa mawe, kwa majeraha ya upasuaji wa tumbo, na kwa kichocho cha mkojo, ambacho watu wa Unguja, Pemba na mwambao wanakijua kwa damu inayoonekana mwisho wa haja. Shingo ya kibofu hubanwa na tezi dume iliyokua. Mrija wa mkojo wenyewe, utokao kibofuni hadi ncha ya uume, hubanwa na kovu linalokula nyama ya sponji iliyouzunguka.

Hayo ni maradhi matatu, na kila moja lina modeli yake. Anayetaka kujua jinsi figo inavyoharibika mkojo ukizuiliwa hahitaji sungura: kufunga ureta moja ya panya kwa uzi huleta kovu la figo ndani ya wiki moja au mbili, na njia hiyo imetumika kwa miongo mingi. Anayechunguza misuli ya kibofu inayosukuma dhidi ya kizuizi huzungushia uzi shingo ya kibofu ya panya bila kuukaza kabisa. Mwongozo huu unahusu mrija wa mkojo wa dume, sehemu ya mbele, ile iliyozungukwa na nyama ya sponji.

Andika pia chanzo cha mbano unachotaka kukiiga. Kuchoma mrija kwa umeme kunakaribiana na jeraha la mpira wa mkojo au la kifaa cha upasuaji. Kisonono ni jambo jingine: bakteria wake kwa asili huambukiza binadamu tu, na makovu yake huweza kuwa marefu au kutokea mahali zaidi ya pamoja. Upo pia ule ugonjwa wa ngozi unaoacha mabaka meupe uumeni na kupanda ndani ya mrija; huo nao hauigwi kwa kuchoma. Sentensi moja inayokiri mipaka hii, ikiandikwa kwenye pendekezo la utafiti kabla mnyama hajanunuliwa, itakuzuia kudai mambo makubwa mwishoni.

Hatua ya pili: chagua mnyama kwa swali ulilonalo

Panya wa maabara ni rahisi kutunza, na vitendanishi vya kupima protini zake vipo tele. Watafiti wamemtumia kwa kudunga ukutani mwa mrija protini iitwayo TGF-β1, inayozichochea seli kutengeneza kolajeni kwa wingi. Kama swali lako ni la molekuli, panya anatosha. Lakini mrija wake ni mwembamba mno kwa vifaa vya hospitali, na upasuaji wake unahitaji darubini.

Mbwa dume ana ukubwa unaofaa, ila ndani ya uume wake kuna mfupa unaoukumbatia mrija, na jambo hilo hubadili kabisa namna kovu linavyoweza kuvuta na kubana. Nguruwe ana ngozi na uponyaji unaokaribiana na wetu, na mwaka 2012 timu ya Karl-Dietrich Sievert wa Ujerumani ilichapisha modeli ya nguruwe wa aina ndogo kwa ajili ya ugonjwa huu. Tatizo ni umbo: uume wa nguruwe una pindo kama herufi S, na karibu na nyonga mrija una kijifuko kinachoiteka ncha ya mpira kila unapopitishwa. Ongeza gharama ya chakula na dawa za usingizi. Katika miji ya mwambao, fikiria pia kama wahudumu wako watakubali kumgusa mnyama huyo kila siku, maana uangalizi unaofanywa kwa shingo upande humuumiza mnyama.

Kwa watu wengi jibu ni sungura. Dume mzima wa kilo 3 hadi 4 ana mrija unaoweza kupokea kifaa chembamba cha kuchunguzia watoto, hana mfupa uumeni, na nyama ya sponji inayouzunguka mrija wake, ikitazamwa kwa hadubini, inafanana vya kutosha na ya binadamu. Chukua wazima waliomaliza kukua. Mrija wa mnyama anayekua hupanuka wenyewe, na ongezeko hilo litaingia kwenye vipimo vyako.

Sungura ana udhaifu mmoja ambao wengi huugundua wakiwa wamechelewa, kwenye maabara ya tishu. Kingamwili nyingi za kupakia slaidi hutengenezwa ndani ya sungura. Ukiipaka kingamwili ya sungura kwenye tishu ya sungura, kingamwili ya pili itashika kila kitu na slaidi yote itakuwa na rangi. Agiza mapema kingamwili zilizotengenezwa kwa panya au mbuzi, na uhakikishe zinaitambua protini ya sungura.

Hatua ya tatu: kibali, watu na hesabu

Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, na Kenya ina Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, sura ya 360. Juu ya hizo kuna kibali cha utafiti, COSTECH kwa Tanzania na NACOSTI kwa Kenya, na kamati ya maadili ya wanyama ya chuo chako. Usipeleke pendekezo lako kwenye kamati ya maadili ya binadamu ukidhani inatosha. Kamati ya wanyama itakuuliza habari ya kanuni tatu ambazo William Russell na Rex Burch waliziandika mwaka 1959: kubadilisha mnyama kwa njia nyingine inapowezekana, kupunguza idadi, na kupunguza mateso. Jibu kwa vitendo. Eleza, kwa mfano, kwamba mazoezi yote ya kupitisha vifaa yatafanywa kwenye viungo vya sungura waliokwisha kuchinjwa kwa kitoweo. Wafugaji wa sungura wapo, na kiungo ambacho kingetupwa kinakufundisha mkono bila kumuumiza yeyote.

Tafuta daktari wa mifugo kabla ya kuandika pendekezo. Vyuo kama Sokoine kule Morogoro na Kitivo cha Tiba ya Mifugo cha Chuo Kikuu cha Nairobi, Kabete, vina watu wanaojua kumlaza sungura usingizi na kumwamsha salama. Daktari wa upasuaji wa binadamu, hata awe hodari namna gani, anayemchukulia sungura kama mtoto mdogo mwenye manyoya atampoteza mezani.

Idadi ya wanyama ikokotolewe, isikisiwe. Ukiwa na data ya awali, tumia ukokotoaji wa kawaida wa nguvu ya jaribio. Usipokuwa nayo, ipo njia nyepesi: idadi ya wanyama wote ukitoa idadi ya makundi iwe kati ya 10 na 20. Makundi 3 yenye sungura 6 kila moja ni 18. Toa 3, unabaki na 15, inatosha. Kisha fikiria watakaopotea. Ukitarajia kwamba mmoja kati ya watano atakufa au hatapata mbano, gawa 18 kwa 0.8, upate 22.5, yaani sungura 23. Mmoja kati ya watano nimemtaja kama mfano wa hesabu tu. Uwiano wako wa kweli utaujua kwenye jaribio dogo la mwanzo la sungura wanne hadi sita, na usiliruke jaribio hilo.

Hatua ya nne: mtulize, kisha mpime akiwa mzima

Sungura wapya wakae angalau wiki moja hadi mbili bila kuguswa na kisu. Madume wazima hupigana, hivyo kila mmoja awe na kizimba chake, lakini waonane na kunusana. Nyasi kavu zisikosekane. Wahudumu wafundishwe kumbeba kwa kuushika mwili wote na kuegemeza miguu ya nyuma, kwa sababu sungura akipiga teke hewani anaweza kujivunja uti wa mgongo.

Mkojo wa sungura mwenye afya mara nyingi ni mzito na wenye chengachenga nyeupe, kwa kuwa mwili wake hutoa kalisi ya ziada kwa njia hiyo. Mgeni huona usaha. Mbaya zaidi, tope hilo la kalisi linaweza kukwama kwenye mrija uliobanwa na kuuziba kabisa, ukadhani ni kovu. Kwa hiyo punguza vyakula vyenye kalisi nyingi, hasa majani ya luseni, mpe maji mengi, na uandike hali ya mkojo wa kila mnyama kabla ya kuanza.

Kisha chukua kipimo cha msingi. Mnyama akiwa usingizini, piga picha ya eksirei huku dawa ya kuonyesha mrija, iliyo ya maji na yenye ayodini, ikiingia kutoka ncha ya uume. Mambo matatu hutofautisha picha yenye maana na picha ya mapambo. Kwanza, dawa iingie kwa shinikizo lilelile kila mara: tundika chupa kwenye urefu mmoja uliokubaliwa juu ya meza, usisukume kwa mkono, maana mkono wa asubuhi na mkono wa jioni hausukumi sawa. Pili, weka kando ya mnyama kipande cha chuma chenye kipenyo kinachojulikana ili uweze kusahihisha ukuzaji wa picha. Tatu, mlalo uwe uleule, ubavu uleule, miguu ikiwa imenyooshwa vilevile. Baada ya picha ndipo uingize kamera nyembamba.

Vipimo vya vifaa vitaandikwa kwa Fr, na 1 Fr ni theluthi ya milimita ya kipenyo. Kifaa cha 8 Fr kina milimita 2.7, cha 10 Fr kina 3.3. Andika kubwa kabisa kilichopita bila kulazimishwa.

Hatua ya tano: usingizi na jeraha

Mchanganyiko unaotumika sana kwa sungura ni ketamini, karibu miligramu 35 kwa kilo, pamoja na zailazini, miligramu 5 kwa kilo, kwa sindano ya msuli; penye mashine ya gesi, aisoflureni ni bora. Kipimo cha mwisho akipange daktari wa mifugo kwa mnyama aliye mbele yake. Usimnyime chakula usiku kucha kama binadamu: sungura hawezi kutapika, na tumbo lake likikaa tupu husimama. Atropini haitegemeki kwake, kwa sababu sungura wengi wana kimeng'enya kinachoivunja haraka. Ukihitaji kuzuia mate au moyo kwenda polepole, tumia glaikopiroleti. Mkinge na baridi tangu mwanzo hadi aamke, na mpake malhamu machoni.

Dawa ya maumivu, kwa mfano buprenofini, itolewe kabla ya jeraha. Meloksikamu huongezwa kwa siku zinazofuata. Utasikia hoja kwamba meloksikamu hupunguza uvimbe na hivyo inaweza kulipunguza kovu unalolitafuta. Hoja ni ya kweli, lakini haimpi mtu ruhusa ya kumwacha mnyama na maumivu. Toa dozi ileile, kwa siku zilezile, kwa makundi yote, na uiandike kwenye ripoti.

Sasa jeraha lenyewe. Kukata utando wa ndani kwa wembe peke yake mara nyingi hakutoshi. Utando huota tena kutoka pembeni na mrija hupona. Ili kovu lije, jeraha lazima lishuke hadi kwenye nyama ya sponji, na mkojo upate kupenya humo, kwa kuwa mkojo unaovuja ndani ya tishu huendeleza uvimbe. Ndiyo sababu njia ya kuchoma kwa umeme kupitia kifaa cha kamera imependwa. Paul Meria na wenzake, Ufaransa, waliieleza mwaka 1999 kwa sungura, na wengi wameifuata kwa mabadiliko yao.

Hakuna wati moja ninayoweza kukuandikia, kwa sababu mashine hutofautiana na ncha za vifaa hutofautiana. Tafuta yako kwenye viungo vya sungura waliochinjwa: choma kwa sekunde tofauti, kata, tazama chini ya hadubini ni wapi umefika. Ukishapata kiwango kinachofika kwenye sponji bila kutoboa upande wa pili, usikibadilishe tena. Kwa kila mnyama andika wati, sekunde, urefu wa eneo kwa milimita, umbali kutoka ncha ya uume, na sehemu ya mzunguko iliyochomwa, ukiitaja kama mishale ya saa. Kuchoma mzunguko mzima kwa kina kunaweza kuufunga mrija kabisa na kumuua mnyama; kuchoma upande mmoja mwembamba kunaweza kuacha mrija mzima. Kwa jaribio la mwanzo napendelea eneo la sentimita 1, mbali na msuli wa kuzuia mkojo, huku ukanda wa utando mzima ukiachwa upande wa juu. Kutoka hapo rekebisha kwa ushahidi.

Ukitumia umeme wa ncha moja, mrija uoshwe kwa kimiminika kisicho na chumvi, kama glaisini, na pedi ya kurudishia umeme iwekwe kwenye ngozi iliyonyolewa vizuri na kugusana yote. Ngozi ya sungura ni nyembamba mno. Pedi iliyoshika manyoya humuunguza mgongoni wakati wewe unatazama skrini.

Njia ya pili ni kukata kipande cha mrija na kukiziba kwa bomba la kolajeni lisilo na seli. Kundi la Anthony Atala nchini Marekani lilionyesha mwaka 2008, kwa sungura, kwamba bomba tupu la nusu sentimita liliota tishu ya kawaida, ila kuanzia sentimita 1 na kuendelea lilijenga kovu na mbano. Wao walikuwa wakitafuta kikomo cha uponyaji. Kwa anayejenga modeli, matokeo hayo ni zawadi: yanaonyesha kwamba urefu wa jeraha ni kitu cha kupangwa kwa milimita. Njia hii inafaa zaidi ukitaka kupima tishu za kupandikiza kuliko dawa za kuzuia kovu.

Je, uache mpira wa mkojo ndani baada ya kuchoma? Ukiuacha, unaushikilia mrija wazi na kubadilisha namna kovu linavyojivuta. Usipouacha, uvimbe wa siku za mwanzo unaweza kuzuia mkojo. Amua kwa jaribio la mwanzo, kisha fanya hivyohivyo kwa wote.

Hatua ya sita: siku kumi ambazo modeli hufa au huishi

Hapa ndipo tafiti nyingi hupoteza wanyama, na mara nyingi hawafi kwa mrija. Wanakufa kwa tumbo. Maumivu, hofu na dawa za kundi la mofini hupunguza mwendo wa matumbo, sungura anaacha kula, na ndani ya siku chache amekwisha. Kwa hiyo mhudumu ahesabu vinyesi kila asubuhi na jioni kama anavyoandika mkojo. Vinyesi vidogo, vikavu au vilivyokosekana ni dharura: maji chini ya ngozi, chakula laini kwa bomba la sindano mdomoni, joto, na dawa ya maumivu iangaliwe upya.

Antibayotiki nayo inaua. Penisilini, ampisilini, amoksilini na klindamaisini zikipitia mdomoni huharibu vijidudu vya tumbo la sungura na kuacha vyenye sumu vitawale. Daktari aliyezoea kuandika amoksilini kwa kila jeraha aambiwe hili mapema. Enrofloksasini ni mojawapo ya zinazovumilika.

Kibofu kiguswe mara mbili kwa siku. Kikiwa kikubwa na kigumu huku kizimba kikiwa kikavu, mnyama ameziba, na kibofu cha sungura hupasuka ukikiminya kwa nguvu. Uwe na mpango ulioandikwa: nani anaitwa usiku, sindano ya kutoa mkojo kupitia ukuta wa tumbo iko wapi, na ni lini mnyama anapumzishwa moja kwa moja. Viwango hivyo vya kusitisha vikubaliwe na kamati kabla ya kuanza. Kwa mfano, kupungua uzito kwa zaidi ya asilimia 15 hadi 20, mkojo kuzuiliwa bila kupata nafuu, au maumivu yasiyotulizwa. Kwa maumivu, kipo kipimo cha uso wa sungura kilichochapishwa mwaka 2012: unatazama macho yanavyofumba, mashavu yanavyobonyea, umbo la pua, sharubu na masikio, kila kimoja kikipewa alama 0 hadi 2. Mfunze mhudumu mmoja vizuri na alama zake ziwe sehemu ya data.

Hatua ya saba: thibitisha kabla ya kugawa makundi

Wiki mbili za kwanza mrija umevimba, na uvimbe si kovu. Rudia picha karibu na siku ya 15, kisha siku ya 30. Utaratibu ni uleule wa mwanzo: chupa urefu uleule, mlalo uleule, chuma cha kipimo mahali pake. Picha ije kwanza na kamera baadaye, kwa sababu kifaa kinachopita kwenye mbano huupanua, na ukipima baada ya kuupanua utakuwa umejitibia mgonjwa mwenyewe bila kukusudia. Kamera ikikwama, isimame hapo.

Kigezo kinachotumika mara nyingi ni kipenyo kupungua kwa nusu au zaidi ukilinganisha na kipimo cha mnyama huyohuyo akiwa mzima. Nusu inaonekana ndogo kwenye karatasi. Kipenyo kikipungua kwa nusu, nafasi ya kupita mkojo hubaki robo, na kwa mtiririko uliotulia upinzani hupanda mara 16. Hata hivyo picha moja hainitoshi. Napendekeza vipimo viwili vilivyoachana kwa wiki mbili, cha siku ya 30 na kingine siku ya 45, na cha pili kisionyeshe nafuu. Sungura ambaye mbano wake unafunguka wenyewe kati ya siku ya 30 na ya 45 si wa kujaribia dawa.

Baada ya hapo ndipo wanyama wagawiwe kwa bahati nasibu, wakipangwa kwanza kwa ukubwa wa mbano ili wenye mbano mkali wasirundikane kundi moja. Anayesoma picha asijue nani kapata nini. Kundi linganishi lipitie usingizi uleule, kifaa kilekile na kimiminika kilekile kisicho na dawa. Ukiwa unapima kinga, yaani dawa inayotolewa kabla kovu halijaja, huwezi kuthibitisha mbano kwanza. Badala yake onyesha, ndani ya jaribio hilohilo, kwamba waliojeruhiwa bila dawa walisinyaa kwa kiwango ulichotabiri. Wasiposinyaa, jaribio halina jibu, na iandikwe hivyo.

Hatua ya nane: tishu na kumbukumbu

Mwisho wa jaribio mnyama apumzishwe kwa dozi kubwa ya pentobabitali akiwa tayari usingizini. Toa mrija wote pamoja na kibofu na figo. Kibofu chenye ukuta mnene na figo iliyojaa maji vinakueleza kama mbano ulikuwa na uzito kwa mwili, jambo ambalo kipenyo peke yake hakisemi. Tia wino upande wa juu ili mwelekeo usipotee, weka kwenye fomalini ya asilimia 10 iliyosawazishwa kwa saa 24 hadi 48, kisha kata vipande vya kukingama: juu ya mbano, katikati na chini yake. Kata kila milimita chache, maana kovu fupi linaweza kupitwa na kisu ukaandika kwamba halikuwapo.

Rangi ya Masson huonyesha kolajeni kwa buluu au kijani dhidi ya msuli mwekundu. Rangi nyekundu ya Sirius, ikitazamwa kwa mwanga uliochujwa (polarized), husaidia kutenganisha nyuzi nene na nyembamba. Mtaalamu wa patholojia apewe slaidi zenye namba tu. Aandike unene wa kovu, asilimia ya kolajeni, hali ya utando wa ndani, na kiasi cha nyama ya sponji iliyobaki.

Ripoti ifuate mwongozo wa ARRIVE wa kuripoti tafiti za wanyama, toleo la 2020. Waliokufa watajwe pamoja na sababu za vifo vyao, na ambao mbano haukutokea wahesabiwe pamoja na wengine, kwa sababu idadi hiyo ndiyo itakayomwezesha anayekufuata kukokotoa kundi lake. Picha za eksirei za msingi zihifadhiwe pamoja na za baadaye. Bloku za nta ziwekewe namba ya mnyama, tarehe na usawa wa kipande, ziingizwe kwenye daftari la maabara, na mlango uachwe wazi kwa anayezihitaji. Mwanafunzi wa mwaka ujao mwenye swali kuhusu kolajeni aweze kulijibu kwa bloku hizo bila kununua sungura mwingine.